Baada ya Vipira: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mgonjwa wa Ini Machakos

Vipira vinavyofungwa kwenye umio huziba mahali palipovuja. Presha iliyopasua hapo haiguswi. Ukilishika hilo, mengi yatakuwa mepesi kuelewa: kwa nini mgonjwa anatakiwa arudi hospitalini wakati anajiona amepona, kwa nini anapewa dawa ya moyo na moyo wake ni mzima, kwa nini daktari anakataa kumwongeza damu nyingi na huku jamaa watatu wamepanga foleni kumtolea. Nimewaandikia hasa wanaouguza, yaani mke, mwana au dada aliyekabidhiwa karatasi za kutoka wodini bila mtu wa kumfafanulia. Mgonjwa naye akisoma ni vyema, ingawa wiki ya kwanza huwa hana nguvu za kusoma lolote.

Damu iliyokosa njia

Damu yote inayotoka tumboni, kwenye utumbo na kwenye wengu hukusanyika katika mshipa mmoja mnene, mshipa wa lango, na kupita ndani ya ini kabla ya kurudi moyoni. Kwa mtu mwenye ini zima, tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka ni ndogo mno: milimita 1 hadi 5 za zebaki. Ile unayopimwa mkononi ni 120. Ini likijaa makovu, damu hukwama mlangoni. Tofauti hiyo ikifika 10, vijishipa vya umio na vya juu ya tumbo, ambavyo kwa kawaida havina kazi kubwa, huanza kutanuka ili damu iuzunguke ule mzibo. Ikifika 12 na kuzidi, vinaweza kupasuka.

Mtu wa Ukambani aliyewahi kujenga bwawa la mchanga hahitaji kuelezwa sana. Ukuta ukisimama mtoni bila mabawa ya kutosha, mafuriko hukata kingo na kupita kando. Unaweza kuuziba ufa huo kwa mawe na saruji, na ukauziba vizuri. Ukuta ukiwa bado umesimama, mvua inayofuata itatafuta upande mwingine. Vipira ndiyo hayo mawe.

Kuna jambo la pili ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Mgonjwa wa sirosisi, yaani mwenye ini lililojaa makovu, hana tatizo la mzibo peke yake. Kuta za mishipa ya tumboni mwake hutoa kwa wingi gesi iitwayo naitriki oksaidi, na mishipa hiyo hulegea na kupanuka. Damu huvutwa kwa wingi kwenda tumboni, mahali ambapo tayari njia ya kutokea imebanwa. Kwa hiyo presha ya lango hupanda kwa sababu mbili kwa pamoja: kutoka ni kugumu, na kuingia kumeongezeka. Sehemu nyingine za mwili nazo hubaki na upungufu. Presha ya mkono hushuka, moyo hukimbia kuifidia, na figo, zikihisi kana kwamba mwili umeishiwa maji, hung'ang'ania kila chembe ya chumvi. Miguu kuvimba na maji kujaa tumboni kunaanzia hapo.

Kwa sababu hiyo, mzee aliyekuwa akimeza dawa za presha miaka yote, kisha akaona inashuka yenyewe hadi 100 kwa 60, asishangilie. Akiwa ana sirosisi, huenda hiyo ni dalili kwamba mzunguko wake wa damu umeharibika, na zile dawa za zamani za presha zinahitaji kuangaliwa upya na daktari haraka.

Ini lake lina nini hasa?

Ukiwa Machakos, swali hili lina uzito kuliko mahali pengi. Kovu la ini huletwa na pombe, na homa ya ini B au C, na siku hizi pia mafuta kwenye ini kwa watu wenye kisukari na unene. Hiyo ndiyo sirosisi, na hupatikana kote duniani. Lakini kaunti hii ina historia ndefu ya kichocho cha matumbo, na kichocho hufika kwenye presha ileile kwa njia nyingine kabisa.

Minyoo ya kichocho hukaa ndani ya mishipa ya utumbo na kutaga mayai. Yale yasiyotoka na choo husombwa na damu hadi kwenye matawi madogo ya mshipa wa lango ndani ya ini, yakanasa, na mwili ukayazungushia kovu. Daktari Symmers aliyaeleza makovu ya namna hiyo mwaka 1904 kutokana na wagonjwa wa Misri. Mwaka 1982 Kevin De Cock na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 68 wa Nairobi waliokuwa na mishipa iliyovimba kwenye umio, na kichocho kilikuwa miongoni mwa visababishi. Miaka ya 1980 hiyohiyo, watafiti wakiwemo Anthony Butterworth na John Ouma walikuwa Kangundo na vitongoji vyake wakiwatibu watoto wa shule kichocho, kisha wakiwafuatilia kuona nani anaambukizwa tena. Wengi wa watoto wa rika lile sasa ni watu wa miaka 50. Umri huohuo ndio unaowaleta watu wodini wakitapika damu, kwa hiyo mgonjwa aliyekulia karibu na vijito vya huko anastahili kuulizwa aliogelea wapi utotoni, sio tu anakunywa nini.

Tofauti ya hayo mawili ni hii. Katika kichocho, chembe za ini zenyewe huendelea kufanya kazi. Mgonjwa anaweza kuwa na wengu uliofika kitovuni na akatapika damu beseni zima, lakini macho si ya manjano, tumbo halina maji, na akishaokolewa hurudi shambani. Vipira humsaidia sana na kwa muda mrefu. Mwenye sirosisi, kila anapovuja damu ini lenyewe hutikisika: huweza kuingiwa na manjano, kuchanganyikiwa, figo kugoma. Kwa huyo wa pili, kati ya wagonjwa 100 wanaovuja damu, 15 hadi 20 hufariki ndani ya wiki 6 hata wakipata tiba ya kisasa.

Kwa hiyo muulize daktari waziwazi: "Je, hii ni sirosisi au ni kichocho?" Picha ya altrasaundi mikononi mwa anayejua kuisoma huonyesha mengi, na vipimo vya damu vya homa ya ini B na C havikosekani katika orodha. Watu wengine wana vyote viwili. Jibu litaamua dawa, mlo, na hata matumaini ya familia.

Wapo watakaokuuliza kuhusu mahindi yaliyoota ukungu. Si swali la kipuuzi: mwaka 1981 sumu ya aflatoksini iliwalaza watu 20 katika wilaya ya Machakos na 12 wakafa; mwaka 2004, katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, wagonjwa 317 walihesabiwa na 125 wakapoteza maisha. Sumu hiyo huliua ini kwa siku chache, na ikikutana na homa ya ini B kwa miaka mingi huleta saratani. Lakini mtu akitapika damu leo, usiitupie lawama ghala mpaka pombe, homa ya ini na kichocho viwe vimechunguzwa. Nimeona familia zikiteketeza magunia huku mgonjwa hajapimwa chochote.

Usiku wa damu

Damu ya mishipa hii huja kwa ghafla na kwa wingi, mara nyingi bila maumivu. Au haitapikwi kabisa: hushuka chini, na choo kikawa cheusi, chenye kunata na uvundo usio wa kawaida. Vyote viwili ni dharura ya namna moja. Kizunguzungu, jasho baridi na moyo kudunda mbio pamoja na choo cheusi haviwezi kusubiri asubuhi.

Mlaze ubavu, hasa akiwa analegea, ili asivute damu mapafuni. Usimpe maji, maziwa, majivu, dawa ya miti shamba wala kidonge chochote. Tafuta gari badala ya nduthi; mtu anayezimia hawezi kushikilia nyuma ya pikipiki. Chukua karatasi zote za awali na dawa anazomeza, pamoja na ndugu wawili wanaoweza kutoa damu. Ukiwa unatoka Masii, Wamunyu au Mitaboni, kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kumwekea mrija wa mshipani na kuanza maji huku gari la wagonjwa likiitwa, na hilo ni bora kuliko kupita mlangoni mwao ukikimbilia mjini. Mtu mmoja apige simu Hospitali ya Machakos Level 5 aulize mambo mawili: damu ipo, na mtu wa kufunga vipira yupo zamu? Jibu la pili likiwa hapana, afadhali ujue mapema, kwa sababu mgonjwa atahitaji kutulizwa kwanza kisha kupelekwa Nairobi na barua ya rufaa. Safari ni ya kilomita 60 na kidogo, na ubaya wake uko kwenye foleni ya magari.

Hospitalini, mambo matatu huanza kabla ya kamera inayoingizwa kupitia kooni. Dawa ya kubana mishipa ya tumboni, oktreotaidi au telipresini, huingizwa mshipani ili damu inayokwenda langoni ipungue. Antibayotiki, mara nyingi seftriaksoni gramu 1 kwa siku, hutolewa kwa sababu bakteria wa utumboni hupenya kirahisi mwili unapovuja damu, na maambukizi hupandisha presha ya lango na kurudisha damu. Kisha damu ya kuongezwa, kwa kipimo.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. "Daktari, watoto wangu wametoa damu, mbona hamumwekei yote?" "Mama, tukimjaza atapasuka tena." Daktari huyo hafanyi ubahili. Mwaka 2013 Càndid Villanueva na wenzake wa Barcelona walionyesha kwamba wagonjwa wanaovuja damu tumboni, wakiongezewa pale tu hemoglobini inaposhuka chini ya 7, huishi wengi zaidi kuliko wanaoongezewa ikiwa chini ya 9. Baada ya siku 45 waliobaki hai walikuwa 95 kwa 100 dhidi ya 91. Kwa mwenye presha ya lango sababu yake ni rahisi: damu iliyojaa kupita kiasi huisukuma presha ileile iliyompasua. Lengo ni hemoglobini ya 7 hadi 8. Akitoka wodini akiwa amepauka kidogo, hajaonewa.

Kamera inafanya nini, na damu inakwenda wapi

Kamera inatakiwa ndani ya saa 12 tangu mgonjwa afike, akishatulia. Hupuliziwa ganzi kooni, hupewa dawa ya usingizi mwepesi, hulazwa ubavu wa kushoto. Aliyezidiwa na damu au aliyechanganyikiwa hulazwa usingizi kabisa na kuwekewa mrija wa kupumulia. Kwenye ncha ya kamera kuna kikombe kidogo chenye vipira vilivyovutwa juu yake. Daktari huanzia chini, pale umio unapokutana na tumbo, hunyonya mshipa uliovimba ndani ya kikombe na kuachia kipira kimoja kikaubana shingoni. Hupanda akizunguka. Mara nyingi vipira vinne hadi sita hutosha kwa siku moja.

Njia ya zamani ilikuwa kuchoma sindano ya dawa inayougandisha mshipa. Crafoord na Frenckner wa Sweden waliifanya mwaka 1939, na miongo mingi baadaye ndiyo iliyotumika kila mahali. Vipira vilifuata miaka ya 1980 kupitia Greg Stiegmann wa Marekani na kuiondoa sindano kwenye nafasi ya kwanza, kwa sababu sindano ilileta vidonda virefu, homa na umio uliojikunja hadi chakula kikakwama.

Tofauti nyingine iko kwenye mzunguko wenyewe, na ndiyo inayotuhusu. Watafiti wa Ugiriki wakiongozwa na Alec Avgerinos waliipima presha ya lango kwa wagonjwa wa sirosisi waliokuwa wakivuja damu, kabla na baada ya tiba, na kuchapisha majibu mwaka 2004. Presha ilipanda mara tu baada ya tiba zote mbili, sindano na vipira. Waliofungwa vipira walirudi kwenye kiwango chao cha awali ndani ya saa 48. Waliochomwa sindano walibaki juu kwa zile siku 5 zote za kipimo. Mantiki yake haijifichi: ukifunga njia ya kando, kwa muda mfupi damu hurudi nyuma na kubanana langoni mpaka ipate upenyo mwingine. Ndiyo maana dawa ya kubana mishipa huendelezwa siku 2 hadi 5 baada ya vipira kufungwa, hata kama damu imekwishakoma na mgonjwa anauliza kwa nini mrija hauondolewi.

Upenyo mwingine unakuwa wapi? Mara nyingine kwenye ngozi ya ndani ya tumbo, ambayo hujaa damu, ikawa nyekundu yenye madoadoa na kuvuja polepole. Mgonjwa hatapiki tena ila hemoglobini yake inateremka mwezi hadi mwezi. Mara nyingine kwenye mishipa ya juu ya tumbo, ambayo hukua baada ya ile ya umio kufungwa. Hiyo ya juu ya tumbo ni minene na imelala ndani zaidi, kwa hiyo vipira haviishiki vyema. Hutibiwa kwa gundi maalumu inayochomwa kwa sindano kupitia kamera. Na mara nyingi damu hurudi palepale kwenye umio, kwa sababu mishipa ya nje ya umio inayoilisha ile ya ndani haikuguswa. Kwa kuwa kipira hubana sentimita chache tu za mwisho, kutoonekana kwa mishipa kwenye kamera ya leo hakumaanishi kwamba presha ya lango imekwenda popote.

Je, basi kuna faida? Ipo, tena kubwa. Mtu aliyewahi kuvuja damu kwa sirosisi na asitibiwe ana uwezekano wa karibu 60 kwa 100 wa kuvuja tena ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vipira pamoja na vidonge vya moyo hupunguza hatari hiyo sana. Kinachonikera ni vipira kufungwa bila vidonge, au vidonge kuanzwa na kuachwa mwezi wa pili.

Wiki mbili za kwanza

Nyama iliyobanwa na kipira hufa na kudondoka pamoja na kipira chenyewe baada ya siku chache, ikiacha kidonda. Atavipitisha chooni bila kuviona. Kidonda kile ndicho hatari mpya: kati ya siku ya 5 na ya 14 kinaweza kutoka damu, na kwa mwenye ini lililochoka sana damu hiyo ni ngumu kuizuia. Kwa hiyo usipange safari ya matanga ya Mwingi wala harusi ya mbali katika siku hizo. Watu watakusamehe.

Siku ya kwanza ni vinywaji vya uvuguvugu au baridi: uji mwepesi, maziwa, mtindi. Kisha vyakula laini kwa wiki nzima au zaidi: ugali laini na mchuzi, viazi au ndizi za kupondwa, mayai, ndengu zilizopikwa mpaka zikavunjika, parachichi, papai. Muthokoi, isyo, nyama choma, mahindi ya kuchoma, njugu na miwa visubiri. Embe lenye nyuzi nalo lisubiri, hata kama ni msimu wake. Maumivu ya kifua wakati wa kumeza kwa siku mbili tatu ni kawaida. Homa, kukosa pumzi, au kushindwa kabisa kumeza mate si kawaida, rudi hospitalini.

Kwa maumivu, parasitamoli, isiyozidi gramu 2 kwa siku kwa mwenye sirosisi, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Brufeni, diklofenaki na aspirini zipigwe marufuku nyumbani, si kwa wiki mbili bali daima: huchubua tumbo na kuziumiza figo ambazo tayari zinapungukiwa damu. Ujanja uko dukani. Vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa kioskini vina aspirini ndani na jina la pakiti halisemi, kwa hiyo soma maandishi madogo ya nyuma au mwambie mwenye duka la dawa kwamba mgonjwa wako ana ugonjwa wa ini.

Angalia pia akili yake. Damu iliyomezwa huoza utumboni na kutoa sumu ambazo ini dhaifu haliwezi kuzisafisha. Mtu mpole akawa mkali, akalala mchana na kukesha usiku, mikono ikapepesuka akiinyoosha: hizo si hasira za ugonjwa. Dawa tamu ya laktulosi hutolewa ili apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku, na hesabu hiyo ya choo ndiyo kipimo chake. Usimkatie protini kwa kuogopa. Kukonda kunamuua mwenye sirosisi haraka zaidi. Kikombe cha uji wa maziwa kabla ya kulala humfaa, kwa sababu ini lenye makovu halina akiba ya kumpitisha usiku. Chumvi ipunguzwe kama ana maji tumboni, pamoja na vile vidonge vya mchuzi.

Kidonge cha moyo

Katika karatasi zake utakuta propranololi au kavediloli. Mwaka 1981 Didier Lebrec na wenzake wa Ufaransa walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba propranololi huzuia damu kurudi kwa wagonjwa wa sirosisi, na tangu hapo dawa za aina hii ndizo kuu za kumeza zinazoigusa presha ya lango kila siku. Hufanya hivyo kwa kupunguza kasi ya moyo na kubana kidogo mishipa ya tumboni iliyolegea. Kavediloli huongeza jambo moja: huulegeza mzibo wa ndani ya ini. Kipira huuzuia mshipa mahali pamoja tu. Kidonge hupunguza mzigo kila mahali, pamoja na kwenye tumbo ambako vipira haviendi.

Kavediloli huanzwa kwa miligramu 6.25 kwa siku na, ikivumilika, huongezwa hadi 12.5. Propranololi hupandishwa polepole mpaka mapigo ya moyo akiwa amepumzika yawe 55 hadi 60 kwa dakika. Kwa kavediloli usifukuzie hesabu ya mapigo, angalia presha. Nambari ya juu isishuke chini ya 90. Kipima presha cha kituo cha afya kinatosha kwa kazi hii, mara moja kwa wiki mwanzoni, na uandike tarehe na nambari kwenye daftari.

Mwenye pumu asianze bila daktari kujua. Mwenye maji mengi tumboni, au aliyeshikwa na kuhara, kutapika au homa kali, anaweza kuporomokewa na presha, na figo zikafuata. Siku hizo piga simu, huenda dozi ikapunguzwa au ikasimamishwa kwa muda. Kusimamisha kwa ushauri ni jambo moja. Kuacha ghafla kwa sababu pakiti imeisha na mshahara haujafika ni jingine, na linaweza kurudisha damu kwa kishindo. Dawa hizi ni za bei nafuu kuliko vipira; nunua ya mwezi unaofuata kabla ya huu kwisha.

Kurudi, na gharama

Vipira hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mishipa isionekane, mara nyingi vipindi viwili hadi vinne. Kisha kamera ya kukagua baada ya miezi 3 hadi 6, halafu kila mwaka. Wengi hupotea baada ya kipindi cha kwanza kwa sababu wamepona machoni pa watu. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua nafasi ya NHIF, kwa hiyo thibitisha michango yake imesimama vizuri kabla ya tarehe, na uliza hospitali kwa maandishi bima italipa nini: kamera, vipira vyenyewe, dawa ya usingizi. Seti ya vipira wakati mwingine huorodheshwa peke yake kwenye bili. Siku ya kamera mgonjwa asile kwa saa 6 hadi 8, na asirudi nyumbani peke yake wala asiendeshe chochote mpaka kesho yake.

Ukuta wenyewe

Kinachoweza kuishusha presha kwa miaka ni kutibu kilicholiharibu ini. Anayekunywa akiacha kabisa, presha ya lango huweza kushuka kwa miezi, na nimekutana na wengi wanaodhani kaluvu si pombe kwa sababu imetengenezwa kwa asali na hunywewa na wazee kwenye mahari. Ni pombe. Kama ni kijana aliyezoea chang'aa, msaada wa kuacha uanzie hukohuko wodini, kwa sababu kutetemeka kwa kuacha ghafla kunaweza kumfikia siku ya pili au ya tatu akiwa bado na kidonda kibichi.

Mwenye homa ya ini B huhitaji tenofoviri kila siku, na kwa miaka baadhi ya makovu hulainika. Mke au mume, watoto na ndugu zake wapimwe. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye ratiba ya watoto wachanga mwishoni mwa 2001, kwa hiyo watu wazima wengi wa nyumba hiyo hawakuipata utotoni. Wasioambukizwa wachanjwe sasa, dozi tatu.

Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kwa kawaida humezwa siku moja. Huua minyoo. Kovu la mtu wa miaka 50 hubaki kwa sehemu kubwa, na vipira na kidonge cha moyo viendelee vilevile. Kwa mtoto, ini na wengu vilivyovimba vinaweza kurudi karibu na kawaida. Kwa hiyo mgonjwa mmoja wa kichocho nyumbani ni sababu ya kuwapeleka kupimwa choo wote wanaochota maji, kufua au kumwagilia mboga kwenye kijito kilekile, kuanzia mjukuu.